Mgongo wa Wifi

Cyusa alisimama siku ya Jumanne, kule Birere upande wa Goma, akiwa ameshika gunia la unga wa muhogo la mtu asiyemjua, na mama yake hakuwepo. Alikuwa na miezi saba na siku chache. Aliyemwona ni Saidati, shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Jioni ile Saidati alipofika mlangoni kwa wifi yake, mtoto amelala mgongoni, habari iliingia ndani kabla yake.

"Kadiri! We Kadiri! Mutoto wako amesimama leo!"

Kadiri alikuwa kwenye mkeka, mguu wenye plasta juu ya kigoda, kama alivyokuwa tangu mwezi wa kumi na mbili alipoteleza akivuta mtumbwi ufukweni. "Amesimama namna gani?"

"Namna ya watu! Miguu mbili. Ameshika gunia ya mama moja wa Masisi, anamuangalia kama askari anaangalia kitambulisho. Ule mama akaniuliza, huyu iko na mwaka? Nikamuambia, mwaka ya wapi, miezi saba tu! Akatema mate chini, ati asimurushie jicho."

Kadiri alicheka mpaka akapiga plasta kwa kiganja. Pascasie, mama wa mtoto, alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Alisimama mwenyewe, ama ulimsimamisha?" akauliza.

"Mi nimusimamishe ya nini? Mwenyewe!"

"Basi asimame na hapa."

Saidati akafungua mbeleko, akamshusha mtoto aliyejaa usingizi, akamweka juu ya miguu yake. Magoti ya Cyusa yakajikunja, akakaa chini pwaa, akaangua kilio.

"Amechoka," Saidati akasema. "Kesho ataonyesha."

"Kesho atakuwa kwako," Pascasie akajibu, akageuza ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Nieleze upesi, maana wengine mtashangaa mtoto wa Majengo ya Gisenyi anakulia Goma kama hana kwao. Wakati ule, mwaka tisini na tisa, wanawake wengi wa Rwanda walivuka barieri ya mpakani kwenda Goma kila asubuhi na kurudi kila alasiri. Mwenye vitenge, ili asivilipie ushuru, alivizungusha kiunoni na mgongoni chini ya nguo, tatu, nne, hata tano, na juu yake akambeba mtoto. Nani atamwamsha mtoto aliyelala ili apapase mgongo wa mama yake? Watu wa forodha nao wamezaliwa na wanawake. Kwa hiyo asiye na mtoto aliazima, na Saidati hakuwa na mtoto. Aliolewa Goma miaka kumi na moja, akarudishwa kwao na masanduku mawili na neno "tasa" ambalo hakuna aliyelitamka mbele yake ila wote walilijua.

Pascasie ndiye aliyesema ndiyo. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba hakulazimishwa. Yeye mwenyewe hakuweza tena kupita na mzigo, kwani alikamatwa siku moja akiwa na mimba ya huyo huyo Cyusa, na tumbo likapunguzwa kitenge kimoja baada ya kingine mbele ya mstari mzima wa watu, wanaume wakihesabu kwa sauti na kucheka. Tangu hapo akauza sambaza, vidagaa vya ziwani, sokoni. Mume alipovunjika mguu, sambaza peke yake hazikutosha. Saidati akasema nipe mtoto, na kila jioni nitakuletea unga na mafuta. Akatimiza. Hakuna jioni hata moja aliyokuja mikono mitupu.

Na hakuna jioni hata moja aliyokuja bila habari. Cyusa alikaa mwenyewe akiwa Birere. Alitambaa akiwa Birere, akafuata kuku wa watu mpaka uvunguni mwa meza ya muuza simu. Jino la kwanza Saidati alilisikia kwenye kijiko, kling! Mtoto alikuwa na haraka, kila kitu alikifanya kabla ya wenzake, na kila kitu alikifanya mchana. Jioni alikuwa kifurushi cha usingizi. Pascasie alipokea mtoto kama mtu anayepokea barua iliyokwisha kufunguliwa na kusomwa.

*

Jumapili barieri haikuwa na biashara, na Cyusa alikuwa wa mama yake. Pascasie alimpeleka misani, akamvika kofia ya sufu, akamrudisha, akafunga mlango wa uani ili wasiwe na watazamaji. Akaweka gunia. Hakuwa na unga wa kulijaza, akalijaza nguo.

"Simama, mwana wangu. Shika hapa. Simama kama ulivyosimama kule."

Cyusa alilitazama gunia, akalilamba.

"Haya, njoo kwa mama." Akachuchumaa, akafungua mikono yote miwili, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. "Njoo! Njoo, Cyusa!"

Mtoto alimtazama vizuri tu, kwa adabu, kama mgeni anayengoja kuambiwa atakaa wapi. Kisha akageuza uso mlangoni.

"Unatafuta nani?" Pascasie akauliza. Kadiri akamsikia kutoka ndani.

"Mwache, Mama Cyusa! Mutoto hasukumwi. Akitaka atasimama."

"Kwa dada yako husimama bila kusukumwa."

"Sasa dada yangu ana kosa gani? Kulea analea, unga analeta..."

"Nimesema ana kosa?"

Nje mtu akakohoa. Ilikuwa Saidati, ameusukuma mlango nusu, ameleta tu sahani ya mandazi ya Jumapili. Cyusa alisikia kile kikohozi, akapiga makofi, akajikamata kwenye gunia la nguo, akajivuta juu, akasimama. Akasimama kweli, akiyumba, mate yakimtiririka, uso wote ukicheka mlango.

Gunia la nguo si la unga. Lilibonyea, akaanguka, na Pascasie alipomkimbilia alikuwa amekwisha kumwona sekunde mbili. Sekunde mbili, na hizo nazo hazikuwa zake.

"Ayii, umemuona?" Saidati alishangilia, sahani mkononi. "Si nilikuambia? Iko nguvu huyu! Ameniona mi, akasimama!"

"Nimemwona," Pascasie akasema. Mandazi hakula.

*

Siku ya kupima watoto uzito, Pascasie alimnyima Saidati mtoto. "Leo ni kliniki," akasema, na moyoni akafurahi kusema. Akapanga mstari pamoja na jirani yake Nyiransabimana, aliyekuwa na binti wa mwaka mzima, mnene, mpole, ambaye bado hajasimama. Nyiransabimana alikuwa mwanamke anayejua habari za watu kuliko za nyumba yake.

Muuguzi alimning'iniza Cyusa kwenye mizani, akaandika, akamweka mezani. Cyusa akakamata kalamu, akajiinua, akasimama wima juu ya meza ya muuguzi.

"Mungu wangu, na miezi minane tu!" Muuguzi akacheka. "Mama, huyu atakukimbia. Amekaa akiwa na miezi mingapi?"

Pascasie akafikiri. "Minne... mitano."

"Minne au mitano?"

"Mitano."

"Na kutambaa?"

Alijua kuna kuku katika hadithi ile. Kuku na meza ya simu. Lakini ilikuwa kabla ya mvua kubwa au baada? Nyuma yake mstari mzima ulikuwa kimya, na mstari wa kliniki haukai kimya bure.

"Hukumbuki?"

"Nilikuwa sokoni."

"Nani alikuwa naye?"

"Nesi, mwandikie tu sita," Nyiransabimana akadakia kwa sauti ya huruma. "Huyu mutoto analelewa na shangazi yake. Mama yake anamuonaka usiku, akiwa amelala."

Kicheko kikapita kwenye benchi, kidogo, cha kuficha mdomo kwa khanga. Muuguzi hakucheka. Aliandika sita, akamrudishia kadi, akasema kwa upole, "Siku nyingine aje yule anayekaa naye." Pascasie alipofika nje aliifungua ile kadi akaitazama ile sita. Ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu, nzuri, na hakuna aliyejua kama ni kweli.

Walipokuwa wakishuka, Nyiransabimana alimshika mkono. Alikuwa na binti yake mgongoni, mzito, na huenda uzito ule ndio uliosema.

"Usinikasirikie, jirani. Mi nasema juu ya kukupenda. Lakini hata hili hawakukuambia?"

"Lipi?"

"Kwamba anatembea. Wiki nzima sasa. Nilimuona Ijumaa kule Birere na macho yangu, anatoka kwa gunia moja anaenda kwa ingine. Hatua tatu, ine. Watu wanapiga makofi! Nikasema, bon, Mama Cyusa sasa hivi anacheka peke yake nyumbani." Akamtazama usoni. "Yewe! Donc hukujua?"

*

Kesho yake jioni Pascasie alingoja. Saidati akaja na mtoto, akaweka unga, akaweka mafuta.

"Leo amefanya nini?" Pascasie akauliza.

"Hakuna. Amelala tu."

"Hakufanya kitu?"

"Amekula, amelala. Mutoto atafanya nini?" Saidati akatazama pembeni, akajishughulisha na fundo la mbeleko.

Pascasie akatabasamu. Alikuwa ameyazoea maneno mengi ya wifi yake, yalimchoma kila siku, na sasa kimya chake kikamchoma kupita yote. Kumbe maneno yalikuwa makombo, na leo ananyimwa hata makombo. Usiku hakulala. Wivu, jamani, ukishakaa kitandani, mtu na mumewe hawaenei. Alifikiri kusema, "Kuanzia kesho simtoi." Kadiri angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa aibu. Unga je? Angemjibu nini mtu ambaye hakukosa jioni hata moja? Alitaka mtu mwingine amnyang'anye Saidati mtoto, si yeye.

Asubuhi alimpa Saidati mtoto kama kawaida. Akaenda na beseni lake la sambaza, lakini hakushika njia ya sokoni. Aliteremka mpaka barieri, akamfuata bwana mmoja wa forodha aliyeitwa Bimenyimana, mrefu, aliyekulia Tanzania na kurudi miaka ya juzi na Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Pascasie alisema haraka, macho chini:

"Kuna mwanamke anapita hapa kila siku, kitenge cha kijani chenye ndege. Ule mtoto anayembeba si wake."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mimi napita tu."

Akaondoka. Alidhani watamkemea Saidati. Watamwambia usirudi na mtoto wa watu, basi, na habari itakwisha. Lakini alisahau ni miaka gani ile. Watoto wangapi walikuwa wamepotea katika kukimbia vita na kurudi? Picha zao zilibandikwa ukutani mwa ofisi, nyuso ndogo kwa mistari, na wanawake walisimama mbele yake kila siku wakitafuta. Kusema pale barieri kwamba mtoto wa fulani si wake haikuwa maneno madogo. Bimenyimana hakumfikiria mtu wa vitenge. Alimfikiria mwizi wa watoto.

*

Saa tisa alasiri Pascasie alikuwa amesimama kando, karibu na wauza nyanya. Sambaza zake hazijauzwa na zilikuwa zimeanza kunuka. Akaona kitenge cha kijani kikija na kundi la wanawake, na kichwa cha Cyusa juu ya bega, macho wazi, kikigeuka huku na huku.

"Wewe mama. Njoo hapa pembeni." Bimenyimana alinyoosha kidole. "Mtoto huyu ni wako?"

"Wangu," Saidati akasema bila kusita, kama alivyosema siku zote.

"Wa kumzaa mwenyewe?"

"Wa kumuzaa."

"Nina habari kwamba si wako. Kadi yake ya kliniki iko wapi?"

"Nyumbani."

"Wote huniambia nyumbani. Mama, nisikilize vizuri. Kama umemchukua mtoto wa watu, leo hulali kwako."

Neno likaruka mstarini kabla hajalimaliza. Ameiba mutoto! Watu wakasogea. Mwanamke mmoja aliyekonda, aliyekuwa ameketi chini ya zile picha, akainuka na kupiga kelele, "Muizi! Ndio hawa! Ndio hawa wametumalizia watoto!" na akaokota jiwe. Askari akamshika mkono. Saidati alikuwa ametoa jasho usoni, na vitenge vinne chini ya nguo havikumsaidia.

Hapo ndipo Pascasie alipotoka kwa wauza nyanya. Mwenyewe hakujua anatoka kwenda kumwokoa Saidati ama kwenda kuchukua kilicho chake. Ukweli ni kwamba alivitaka vyote viwili.

"Ni wangu," akasema. "Mtoto ni wangu mimi."

Bimenyimana akamtazama. "Si wewe uliyenijia asubuhi?"

Saidati akageuka. Wifi wawili wakatazamana, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu.

"Ni mimi."

"Asubuhi ulikuwa unapita tu. Sasa umekuwa mama." Aliinua mkono kunyamazisha watu. Alionekana kufurahi kidogo, kama mwalimu aliyepata swali zuri. "Haya. Sina haja ya kadi. Mtoto anatembea?"

"Anatembea," Saidati akasema taratibu.

"Mshushe. Simameni huku na huku. Mtoto hadanganyi. Atakayemwendea ndiye mama yake, na mwingine atanieleza vizuri ofisini."

Saidati akafungua mbeleko, akamsimamisha Cyusa katikati ya barabara, juu ya changarawe nyeusi. Watu wakafanya duara. Mtoto wa miezi minane na nusu, ameshika hewa tu, akasimama, na wanawake wakasema "Yewe!" kwa pamoja.

Pascasie akachuchumaa. Alijua mtoto akija kwake wifi yake atalala rumande, na pengine lile jiwe lingefika kabla ya rumande. Alijua kabisa. Na bado alifungua mikono yake yote miwili, akamwita kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, "Cyusa! Cyusa wangu! Njoo kwa mama!" Wivu haukumwachia nafasi ya kumtakia mtu mwingine mema.

Upande wa pili Saidati hakuita. Alimtazama mtoto mara moja, kisha akamgeuzia mgongo, akainama, mikono juu ya magoti.

Cyusa akamtazama mama yake aliyemwita. Akageuza kichwa, akauona ule mgongo ulioinama. Akacheka. Hatua moja, akayumba. Ya pili, ya tatu, mikono juu kama anayevuka mto. Nne. Tano. Sita. Ya saba aliikimbia, akaangukia mgongo wa kijani na kuukumbatia, akaanza kupanda kama kila siku.

Basi hivyo ndivyo Pascasie alivyoona mwanawe akitembea. Aliziona zote saba, kutoka nyuma.

Watu wakapiga makofi. Yule mwanamke aliyekonda akaliacha jiwe. Bimenyimana akatikisa kichwa, ameridhika, kisha akamgeukia Pascasie, na badala ya kumkaripia akashusha sauti.

"Mama, pole. Ulipoteza mtoto?"

Angemtukana ingekuwa afadhali. Wanawake walikuwa wanamtazama kwa macho ya msibani, mmoja akamshika bega, "Pole, dada, hata mi nilikuwa naona wangu kwa kila mutoto." Mdomo ulimjaa maneno. Kadi iko nyumbani, baba yake ana mguu wa plasta, ulizeni Majengo nzima! Lakini Saidati alikuwa bado ameinama, mtoto anampanda na kumvuta nguo, na kwenye kiuno palikuwa pamechomoza ncha ya kitenge kipya, chekundu, na karatasi ya kiwanda bado imebandikwa. Bimenyimana alikuwa anageuka kuelekea huko.

"Ni wake!" Pascasie akapaza sauti, akamshika bwana yule mkono. "Nisamehe, afande. Nilimfananisha. Mtoto ni wake."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mama yake ni huyo."

"Basi nenda kapumzike, mama. Na kule ofisini kuna picha, njoo siku yoyote uzitazame." Akampungia Saidati mkono apite.

*

Walipanda barabara ya Majengo wakifuatana, mmoja mbele na mmoja nyuma, beseni la sambaza likinuka. Cyusa alikuwa akimtazama mama yake kutoka begani mwa shangazi, akimchezea kwa kujificha na kujitokeza. Barieri ilipopotea nyuma ya kona, Saidati akasimama.

"Ni we ulienda kuniongea kwa duane, kwa ule bwana wa forodha."

"Ni mimi."

"Wangenifunga. Ule wa jiwe angeniua."

"Sikufikiri."

"Ulifikiri. Ulifikiri sana, Mama Cyusa, mupaka ukaacha samaki zako zioze." Akamsogelea hatua moja. "Mi nilikukosea nini? Nilikula nini yako?"

"Hukuniambia anatembea!" Pascasie akalia sasa, wazi, barabarani, wapita njia wakitazama. "Wiki nzima! Nimeambiwa na Nyiransabimana, yule aliyefanya watu wanicheke kliniki! Kila kitu umeona wewe. Kukaa wewe, jino wewe, kutambaa wewe. Mimi nilimzaa tu."

"Kila siku nikikuambia uso yako inageuka. Nikasema basi, hii ya kutembea nitaifunga mudomo. Aianze kwake, mbele ya mama yake, mama aseme ni ya kwanza. Nilikuwa namufunga mbeleko nguvu tangu Birere ili achoke kukaa, akifika atake kushuka. Anafika amelala! Nitafanya je?"

Pascasie akajifuta kwa ncha ya khanga. Neno moja lilikuwa limebaki, na hilo ndilo lililokuwa linamla.

"Na pale? Umeinama. Ulijua atakuja kwa mgongo."

Saidati akamtazama kama mtu asiyeamini anachoulizwa.

"Mi nilikuwa nimekupa," akasema. "Niligeuka asinione. Nilisema akiona sura yangu hatakuja kwako, na ni wako. Nikainama sababu tumbo ilinikata. Sikukumbuka mugongo. Kila siku nikitaka kumubeba nafanya vile, sikukumbuka."

Gari la mchanga likapita, wakasogea kando, vumbi likawafunika wote watatu. Kisha Saidati akafungua mbeleko, akamsimamisha Cyusa njiani, hatua kadhaa kutoka kwa mama yake.

"Kadiri sitamuambia kitu," akasema. "Chukua mutoto wako."

Pascasie akachuchumaa, akafungua mikono. "Njoo." Cyusa akamtazama kwa ile adabu yake. Akaanza kukunja magoti akae chini.

"Apana, apana! Si hivyo. Ye hajui mikono. Geuka. Inama."

"Nikigeuka sitamwona."

"Geuka, wifi."

Pascasie akageuka. Akainama, mikono juu ya magoti, macho kwenye vumbi, akaona vidole vyake vya miguu na magamba ya sambaza yaliyokaukia juu yake. Nyuma yake kukawa kimya. Akataka kugeuza shingo, akajizuia. Kisha akasikia mchakacho mdogo wa changarawe, ukanyamaza, ukaanza tena, ukaja haraka haraka, na mikono miwili midogo, yenye mate, ikamshika kiunoni.

Akabaki ameinama, mzigo ukimpanda taratibu.

"Hatua ngapi?" akauliza.

"Tisa," akajibu Saidati, aliyeziona zote.